Mbuzi wa Hitma Hafi kwa Risasi

Toongabbie, Sydney
5 Machi 2023

Kwa mke wangu mdogo Huda, mwenye meno kama majembe ya kukodi,

Salamu hizi zipokee kwa mikono miwili maana sina nyingi. Mimi mzima. Hata ningekuwa mgonjwa nisingekwambia, ungefurahi ukadhani urithi umekaribia, na urithi wenyewe hakuna. Mama yako Suad naye mzima, kazi yake ni ile ile ya kuwageuza wazee wa Kizungu vitandani, akirudi hapa hana nguvu hata za kunitazama, ananipita kama kochi. Jirani kanunua mbwa anayelia mchana kutwa. Nimemwonyesha kwa mikono kwamba kwetu mbwa wa namna ile anafungwa jiwe anatupwa mtoni. Akacheka, akanishika bega. Watu wa huku hawaelewi kitu.

Mwandiko wangu usiucheke. Mimi kalamu nimeishika mtu mzima, darasa la kisomo, kule Handeni, na siku naanza kuandika herufi a nilikuwa nimeshaua simba mla watu. Wewe ulianza na herufi a, hata panya hujaua.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Agosti bibi yako anatimiza mwaka kaburini na nitamsomea hitma. Ijumaa iliyopita watu walipojaa nje ya msikiti nikasimama nikasema: hitma ya mke wangu hailiwi kuku wa friji. Pilau yake ni ya mbuzi mwitu, aliyewindwa na damu yangu mwenyewe, akachinjwa kwa sheria. Wote wakageuka. Wale Wazanzibari wajuaji, wale Warundi, wote wakasogea karibu. Basi nimeshasema, na Stambuli Mhando akisema harudi nyuma, hata tembo hakunirudisha.

Damu yangu ni wewe. Nimezaa madume matatu, yote yakawa makarani, yanaogopa hata stepla. Wewe mwanamke ndiye uliyeshika bunduki, unaua mbuzi mwitu waharibifu kwa mshahara huko nyikani. Mungu ana mambo yake.

Lakini sheria uikumbuke. Mnyama akifa kwa risasi kabla kisu hakijamfikia ni kibudu, haliwi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Shafii wa kweli. Risasi ni ya kuangusha, kisu ndicho cha kuua. Kwa hiyo risasi nzuri si ile inayoua, wajinga ndio wanasema hivyo. Risasi nzuri ni ngumu, ina ncha, inapita bega hili inatokea bega lile, inavunja mifupa na kuacha roho mahali pake. Mimi pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, nilimvunja mabega, nikakaa nikawasha sigara, nikaivuta mpaka mwisho, ndipo nikaenda kumchinja. Bado ananitazama, macho mawili.

Nasikia bunduki yako inajilisha yenyewe, tapu tapu tapu. Bunduki ya mvivu. Lakini umemwambia mama yako kuwa risasi za dukani hazifiki huko. Nitumie kalibu la kumiminia risasi. Nitakusubia kwa mkono wangu.

Mimi mumeo,
Stambuli Mhando, Bwana Nyama

*

Shambani, magharibi ya Cobar
26 Machi 2023

Kwa mume wangu kibogoyo,

Shikamoo kwanza, utani baadaye. Barua yako imekaa posta ya mjini mpaka gari la shamba lilipokwenda, na simu huku haishiki. Mimi sijambo, ila nimekuwa mwekundu mpaka masikioni kwa vumbi. Mwambie mama nakula vizuri. Kwa kweli nakula maharage ya mkebe, lakini mwambie vizuri.

Bibi namkumbuka sana. Jana nimesikia harufu ya iliki kwenye chai ya mtu nikatoka nje.

Mbuzi wa hitma nitaleta, hiyo niachie. Lakini kuhusu risasi, babu, nisikilize mara moja tu katika maisha yako.

Bunduki hii si ya kila mtu. Nchi hii bunduki za kujipakia zimekatazwa. Mimi ninayo kwa kibali cha kazi tu, kibali kikiondoka na kazi imeondoka, narudi Sydney kufanya nini? Na sharti la kwanza la kibali ni kwamba mnyama afe pale pale. Asiteseke. Mwezi wa Januari mbuzi mmoja alinikimbia na tundu ubavuni, mkaguzi akamkuta kwenye uzio siku ya pili, bado anapumua. Nimeshaonywa. Nikikutwa tena na mnyama anayetembea na jeraha langu, mkaguzi hatanionya.

Sasa bunduki inayojilisha ina koo lake. Inaisukuma risasi kwa nguvu kwenda juu kuingia chemba, nyuma ya mtutu. Pua ya risasi ikiwa bapa mno inakwama kooni. Ikiwa kali mno inaingia, lakini inampita mbuzi kama sindano inavyopita kanga, mbuzi anaendelea na safari. Nataka pua pana iliyopunguzwa pembeni, kalibu nililompa dereva Niyonzima akuletee ndivyo lilivyo. Nyuma kila risasi uivike kikofia cha shaba, vimo ndani ya mkebe wa Milo anaokuletea, bila hivyo moto wa baruti unairamba risasi na mabaki yanaziba tundu la gesi inayoifanya bunduki ijilishe, bunduki inasita. Na kubwa kuliko yote: iwe laini. Ukiibonyeza kwa ukucha ibaki alama. Risasi laini ikifika kifuani inafunguka kama ua la boga, mbuzi anaanguka hajui hata kilichompata.

Habari ya kibudu, nimewahi kusikia Sheikh wa msikitini kwetu akisema wanavyuoni wamekhitilafiana, wapo walioruhusu ukisoma bismillahi unapovuta triga. Nitamuuliza vizuri. Lakini kumvunja mnyama makusudi akungoje, hilo sitafanya, babu. Hata kwa ajili ya bibi.

Niyonzima unamjua, yule dereva Mrundi anayeleta chakula cha mifugo kutoka ghala la Smithfield. Mpe risasi yeye. Nitazijaza mwenyewe kwenye maganda.

Mkeo asiyekutaka,
Huda

*

Toongabbie
30 Aprili 2023

Kwa Huda, mkaguzi mkuu wa mbuzi,

Idi ilikuwa njema, ila haikuwa na wewe kwa hiyo nilikula sehemu yako. Mama yako kanishonea kanzu, shingo imebana, nadhani alikuwa na nia yake. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Yule mbwa bado yuko hai.

Nimesoma barua yako, mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Mbuzi asiteseke! Mbuzi ana kitabu gani kinachosema asiteseke? Mimi nimetembea na Mzungu wa idara ya nyama pori miaka na miaka, ameniachia mimi kuchagua risasi, yeye na shule zake zote. Alikuwa anasema, Stambuli, hii au hii? Nami namwambia hii. Leo natumiwa somo na mtoto niliyemwosha matako.

Na Sheikh wenu yule mimi ningemzaa. Wanavyuoni wamekhitilafiana! Tumbo lake ndilo limekhitilafiana.

Basi kazi nimeifanya. Niyonzima kanichukulia vile vipande vya madini ya risasi vya kubalansia matairi ya malori, kule Smithfield wanavitupa tu, watu wana mali hawajui. Nimekoka moto uani, nikachukua sufuria ya bibi yako ya kukaangia vitumbua. Mama yako akapiga kelele nikamwambia mwenye sufuria amelala, hahitaji vitumbua. Nikatia kipande cha mshumaa, uchafu ukapanda juu nikauengua, chini pamebaki kioo, unaona uso wako. Nikamimina. Zikatoka kwenye kalibu zinang'aa kama meno ya bi harusi, nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji moja moja, zikalia chaaa! Niyonzima akaruka kama chura, dereva mzima wa lori.

Jirani akawaita zimamoto. Wakaja watu wanne na gari kama meli. Nikawaonyesha risasi, wakaonyeshana, wakatikisa vichwa, wakazima moto uliokuwa umeshazimika. Nimewaambia Kiswahili kitupu.

Pua pana kama ulivyotaka. Vikofia vya shaba nimevika. Na ni laini kama ulivyotaka. Usiniulize tena.

Bwana Nyama,
Stambuli

*

Shambani
11 Juni 2023

Babu shikamoo,

Natumaini mko wazima. Mama nimempigia nilipokwenda mjini, kaniambia goti lako limevimba. Weka barafu, usiweke mafuta ya taa.

Sina utani leo.

Jumanne niliwakuta mbuzi kwenye bwawa, kundi zima, karibu, kazi ya mtoto. Nikapiga wa kwanza kifuani, palepale panapotakiwa. Akaruka, akaondoka. Wa pili, hivyo hivyo. Bunduki haikukwama hata mara moja, inajilisha vizuri kabisa, ndiyo maana nikaendelea, nikadhani nimekosa nyuma kidogo, nikasahihisha mkono, nikapiga tena. Wote waliondoka kwa miguu yao. Nikafuata damu. Ilikuwa nyembamba, kama mtu aliyejikata wembe akiwa anatembea. Nimemkuta mama mbuzi amelala chini ya mti, tundu linaingia kama penseli na kutoka kama penseli, na mtoto wake ananyonya. Alikuwa ananyonya, babu, na yeye anakoroma damu puani. Nikammaliza. Mtoto nikammaliza vilevile. Wengine sikuwapata mpaka kiza kikaingia.

Asubuhi Maxwell, mwenye shamba, alikuja na gari mpaka kibandani kwangu. Hakuteremka. Ameniambia, "Huda, jana ulikuwa umelewa?"

Nikamwambia mimi sinywi.

Akasema, "Afadhali ungekuwa unakunywa. Ningejua la kumwambia mkaguzi."

Tangu siku ile mkono wangu unatetemeka. Napiga shabaha kwenye kopo nalipata, napiga mbuzi anaondoka. Nimeanza kudhani macho yangu yamekufa. Sijalala vizuri.

Babu, swali langu ni moja tu, na unijibu hilo kabla ya jambo lolote. Risasi ulizonitumia ni laini?

Huda

*

Toongabbie
25 Juni 2023

Kwa mjukuu wangu Huda,

Salamu nyingi kama mchele. Salamu za mama yako, salamu za mama Kawira, yule nesi Mkenya wa nyumba ya tatu, anasema hajakuona tangu umeota nyonga. Salamu za watu wote wa msikitini. Idi ya kuchinja imekaribia, siku tatu tu, watu wanaagiza nyama kwenye simu kama wanaagiza soksi. Goti limepungua kwa mafuta ya taa. Barafu ni ya samaki. Yule mbwa wa jirani amehama na mwenyewe, nimewashinda. Hali ya hewa ni baridi lakini mimi nalala bila soksi. Mama yako kanunua televisheni, kubwa, haina faida. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani na ni nzuri yote.

Sasa wewe. Nimesoma barua nikacheka mpaka chai ikanitokea puani. Mwindaji analia juu ya mbuzi! Ati alikuwa ananyonyesha. Ulitaka afanye nini, afume vitambaa?

Mkono unatetemeka kwa sababu ni mkono wa kushikia mwiko. Nilijua. Nilimwambia bibi yako siku ile ulipopata kibali, huyu atalia. Bibi yako akakutetea, akasema ana jicho lako Stambuli. Sasa tumeona jicho la nani. Mimi sijawahi kuambiwa nimelewa. Mimi nikipiga, Mzungu alikuwa anavua kofia.

Halafu fikiri kidogo kama unaweza. Unasema umemkuta yuko hai, amelala, anakungoja. Sasa unalalamikia nini? Si ndiyo tuliyoyataka? Kisu ulikuwa nacho. Ungesoma bismillahi, ukamchinja pale pale, halali safi, hitma imepata mbuzi wa kwanza. Badala yake ukammaliza kwa risasi, ukatupa nyama. Umeharibu riziki ya bibi yako kwa machozi.

Jifunze kukimbia. Hakuna dawa nyingine. Mbuzi akiondoka na risasi yangu hafiki mbali, mfuate na kisu.

Nataka mbuzi sita. Watu nimeshawaambia.

Stambuli

*

Shambani
16 Julai 2023

Babu,

Hukunijibu. Umenisalimia ukurasa mzima, hukunijibu.

Kwa hiyo nimejibu mwenyewe. Nimechukua risasi moja kwenye ule mkebe wa Milo, nikaikwaruza kwa ukucha. Ukucha umevunjika. Nikanunua mjini penseli za kuchorea ramani, zimepangwa kutoka laini mpaka ngumu. Wanaosubu risasi huku ndivyo wanavyozipima, ile penseli ya kwanza inayochimba ndiyo kipimo chako. Penseli laini ziliteleza. Za katikati ziliteleza. Ile ngumu kuliko zote ndiyo iliyoacha mkwaruzo, kidogo sana, kama unywele.

Niyonzima alipokuja na lori nilimuuliza. Maskini hakujua kama anasema jambo kubwa. Kasema, "Mzee alizitia majini zikiwa moto. Nikamuuliza, mzee, maji ya nini? Akaniambia, chuma cha moto kikishtuka kinakuwa mwanamume."

Hata mimi ulishaniandikia ile ndoo, chaaa, na mimi nikacheka. Nilijua maji yanafanya nini, yanaikaza risasi. Sikutaka kufikiri kuwa ni wewe.

Uliziandika laini. Uliandika, usiniulize tena. Na nilipokuandikia kuwa macho yangu yamekufa, ukaniambia ni mkono wa mwiko. Ulikuwa unajua, na ukaniacha nizitumie tena. Nimezitumia tena, babu, wiki mbili nyingine.

Mkaguzi alikuja Jumatatu. Maxwell alimpeleka kwenye bonde la nyuma. Kulikuwa na mbuzi amesimama ameegemea ukingo, taya lake limekwenda, nzi wamejaa, na bado anajaribu kula majani. Mkaguzi hakupiga kelele. Aliniomba kibali, nikakitoa mfukoni, akakitia kwenye mfuko wa nailoni. Bunduki nairudisha mwisho wa mwezi; siku hizi zilizobaki naruhusiwa kupiga Maxwell akiwa pembeni yangu tu, kama mtoto anayefundishwa kuogelea.

Mbuzi sita utapata. Nimemwahidi bibi. Niyonzima atawaleta wakiwa kwenye barafu.

Mle na watu wako.

Huda

*

Toongabbie
14 Agosti 2023

Kwa Huda wa Stambuli,

Salamu, na safari hii nakuamkia mimi. Ukoje? Mama yako anasema hupokei simu. Mimi sijambo, nimenenepa kwa siku moja.

Hitma jana Jumapili imetetemesha Sydney. Ungekuwepo! Ukumbi ulijaa mpaka viatu vikakosa pa kukaa. Walitoka Villawood, walitoka Smithfield, kuna Wakongo walikuja hata hawajui marehemu alikuwa nani, wamefuata harufu. Vyuo vya Kurani vilisomwa, dua ikasomwa, mama yako alilia wakati wa kupakua nikamwambia usitie chozi kwenye pilau, chumvi inatosha.

Mbuzi wako nimewafungua mwenyewe. Koo limekatwa vizuri, mkato mmoja. Nikajua damu haipotei. Mambo ya ukucha na penseli nimeyasamehe.

Basi watu walipoanza kula nikasimama. Nimesema: Waungwana, mnaona nyama hii? Huyu hakuanguka dukani. Risasi yake nimeisubu mimi, uani, Toongabbie, kwa sufuria ya marehemu mwenyewe. Ikamvunja, ikamweka chini, mjukuu wangu akamfikia yu hai akamchinja. Nikaapa mbele yao kwa jina la Mungu: nyama ya mnyama aliyekufa kwa risasi ni kibudu, na mwenye kuwalisha watu kibudu kwenye hitma anamlisha maiti wake uchafu kaburini.

Mzanzibari mmoja, wale wajuaji, akasema, "Sasa mzee, huyu kachinjwa na mwanamke?"

Nikamwambia, "Wewe umezaliwa na nani, na trekta?"

Watu walianguka kwa kicheko. Sheikh alikuwa mkono wangu wa kulia. Nikamwuliza kwa sauti wasikie, "Sheikh, nimekosea?" Yeye kashika mfupa, anasema, "Tule, mzee. Tule." Nimemmaliza mbele ya watu wake.

Kibali chako ni karatasi tu. Wamekunyang'anya karatasi. Mimi nimeua simba bila karatasi. Rudi nyumbani, mama Kawira anasema kwenye nyumba ya wazee wanatafuta watu wa kufua.

Mumeo mwenye jina,
Stambuli Mhando

*

Cobar mjini
3 Septemba 2023

Kwa mume wangu Bwana Nyama,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimepanga chumba nyuma ya duka la vipuri, nafagia hapo. Bunduki nimeirudisha. Nyumbani sirudi sasa, mama anajua kwa nini, usimuulize.

Hitma yako nimesimuliwa na mama kabla ya barua yako, neno kwa neno, mpaka trekta.

Sasa nikusimulie mimi ya mbuzi.

Risasi zako sikuzitumia. Siku zile za mwisho Maxwell alinipa za dukani, zake mwenyewe, laini, zinazofunguka. Alikaa pembeni yangu kwenye gari. Kila mbuzi nilisoma bismillahi kidole kikiwa kwenye triga, nikapiga. Walianguka, babu. Walianguka kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Hakuna aliyepiga hatua. Maxwell alinitazama, akasema, "Kumbe mkono wako hauna kitu." Nikamwambia najua. Kibali kilikuwa kimeshakwenda.

Nilikwenda kwa kila mmoja. Nikamgusa jicho kwa kidole. Jicho halikupepesa. Kisu nimepitisha baadaye, mkato mmoja, kwa ajili ya macho yako. Damu haikuruka, ilitoka taratibu kama uji.

Sheikh nilimpigia kabla sijawapakia. Nikamweleza yote. Akasema kwa rai anayoifuata yeye ni halali, kwani nimetaja jina la Mungu na risasi imetoboa. Akasema dhambi iliyo wazi ni ya kumtesa mnyama makusudi. Akasema atakuja kwenye hitma na atakula wa kwanza, ili pasiwe na shaka kwa mtu yeyote. Ndiyo maana alikula. Nilimwomba asikwambie. Akaniuliza kwa nini, nikamwambia babu yangu hapendi kufundishwa.

Kwa hiyo wageni wako wote wamekula halali. Roho zao safi. Aliyebaki ni wewe peke yako.

Ukifuata neno la Sheikh, nyama ilikuwa safi, na mimi nilisema kweli, na kibali changu kimekwenda bure kwa ukaidi wako. Ukifuata neno lako, ulilolitangaza umesimama, ukaapa, basi umewalisha watu kibudu kwenye hitma ya mke mwenzangu, na hicho ulichosema kimemfika kaburini unakijua mwenyewe, mimi sikusema, ulisema wewe.

Chagua, mume wangu.

Nakurudishia risasi yako moja, Niyonzima atakupa bahasha. Ikwaruze kwa ukucha uniambie ni laini.

Huda

*

Toongabbie
29 Oktoba 2023

Kwa Huda,

Salamu. Sisi huku wazima. Joto limeanza. Mama yako amebadilishwa zamu.

Nakuandikia kwa kuwa wewe huniandikii. Tangu Julai sijapata barua yako. Niyonzima alileta bahasha, mimi nikaifungua mbele yake, ndani hamna barua, mna risasi moja tu. Nadhani barua ilidondoka njiani, lori lile lina matundu. Kama uliandika jambo, mimi sikulisoma. Niyonzima ni shahidi, ingawa yeye anasema hakumbuki.

Mama Kawira aliuliza kwa nini umeacha kazi, nikamwambia jicho lilikuwa bovu. Wa msikitini nao nimewaambia hivyo hivyo. Nilipokuwa nasema Sheikh alikuwa ananitazama. Anapenda kunitazama siku hizi. Nimehamia safu ya nyuma, huko mbele feni inanipiga kichwa.

Wanataka tena mbuzi mwitu kwa hitma ya baba wa mtu, wanasema hawajapata kula nyama kama ile. Nimewaambia wanunue kuku.

Mimi nyama siku hizi sili. Jino. Mama yako ananipikia maharage, kila siku ananiuliza lini nitakwenda kwa daktari wa meno, namwambia kesho. Ijumaa nilikwenda makaburini, sikuingia. Nilikaa kwenye kituo cha basi mkabala na lango mpaka wakafunga.

Sufuria ya vitumbua nimeisugua kwa mchanga. Haitakati.

Risasi yako nimeikwaruza. Nimekaa nayo mlangoni penye mwanga. Haikushika alama, lakini hiyo haina maana. Risasi ni laini. Ni kucha zangu zimezeeka.

Stambuli